Mzoeshaji wa Laptop Mpya

Ti. Ti. Ti.

Kisanduku cha tokeni za stima kilikuwa kikilia gizani, juu ya mlango wa Ephantus, kwa sauti nyembamba ya kifaranga aliyeachwa nyuma na mamake. Stima ya ploti nzima, ya mwenye nyumba na wapangaji wote, ilipitia hapo, maana chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya mwenye nyumba. Kisanduku kilikuwa kimeonya tangu asubuhi kwamba tokeni zinaisha. Ephantus alikuwa amekisikia tangu asubuhi na kunyamaza, kwa sababu anayetangaza habari mbaya katika ploti ndiye huambiwa atangulie kuchanga.

Sasa zilikuwa zimeisha. Mtaa mzima wa Ngoingwa, hapo Thika, uliwaka taa isipokuwa wao.

"Ngai fafa! Imekufa!"

Sauti ilitoka nyumba kubwa ya mbele, kwa Mzee Ndegwa mwenye ploti. Ephantus akaketi kitandani. Kuna watu wakisikia kilio hukimbia kusaidia, na kuna wengine hukimbia kujificha. Ephantus alikuwa wa aina ya tatu: alikimbia kuangalia kama kuna kitu cha kuokota.

Alimkuta mzee kwenye kochi, tochi ya simu imebanwa kwapani, laptop mapajani, kioo cheusi ti.

"Kijana wangu, si wewe ni mtu wa mashine? Hebu angalia. Ni mpya! Nimetoa nailoni na mkono huu. Hata wiki haijaisha na imezima kama mshumaa."

Ephantus aliipokea kwa mikono miwili, kama mchungaji anayepokea mtoto wa kubatizwa. Ugonjwa aliujua kabla hajaigusa. Mzee alikuwa hajawahi kuiacha ijae chaji, waya ulikuwa ukutani, na ukutani hakukuwa na stima. Ukweli huo ungemletea nini? Asante na kikombe cha chai. Tena ungeyapeleka mazungumzo moja kwa moja kwenye tokeni.

"Guka," akasema polepole, akimwita babu kwa Kikuyu, "hii mashine uliianza vipi?"

"Kuianza aje?"

"Siku ya kwanza. Uliipeleka mbio ama ulienda nayo pole?"

Mzee Ndegwa alifikiri. "Niliwasha tu. Nikaongea na binti yangu Wangechi huko Canada mpaka akachoka."

Ephantus alifumba macho kwa uchungu. "Siku ya kwanza."

"Ni mbaya?"

"Sitaki kukuogopesha, Guka."

Kisha mzee mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, akafungua mlango uliokuwa umefungwa.

"Unataka kusema ni kama nduthi? Nilipomnunulia kijana wangu pikipiki, fundi alituambia tusiikimbize mpaka injini izoee. Yeye akaikimbiza mpaka Gatundu. Kutoka hiyo siku inakunywa oili kama mlevi."

Wahubiri husema wito wa mtu huja kwa sauti ndogo. Wa Ephantus ulikuja kwa sauti ya mzee aliyekuwa akijidanganya mwenyewe, bila malipo.

"Guka," akasema Ephantus, na sauti yake ilitetemeka kwa heshima, "haya maneno uliyasomea wapi? Kwa sababu ndiyo tunafundishwa chuo kikuu."

Mzee alikohoa kwa unyenyekevu. Laptop ikaondoka usiku uleule kwenda kuzoeshwa. Mwenye ploti akatoa ada mwenyewe, na kwa furaha ya kupata mtaalamu kwake nyumbani, akasahau kuuliza kodi ya mwezi.

Sasa, biashara nyingi hufa kwa kukosa matangazo. Hii haikufa, kwa sababu Mzee Ndegwa alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili ndiye aliyesoma matangazo. Jumapili iliyofuata, baada ya harusi mbili na mkutano wa kwaya, akavua miwani. "La mwisho. Wapendwa, kitu kipya si kitu kizima. Wenye laptop mpya, msiziamini kabla hazijazoeshwa. Tuko na kijana wetu hapa, Engineer Ephantus. Simama uonekane." Engineer akasimama, akainamisha kichwa kama bwana harusi. Kanisa likapiga makofi. Mtu akipigiwa makofi kanisani, ni nani tena wa kumwomba cheti?

Kikatokea kibanda Thika mjini chenye maandishi mekundu: TUNAZOESHA LAPTOP MPYA. Kikatokea kingine Ruiru, karibu na stendi, chenye maandishi ya buluu: LAPTOP ZA KUKODI, BEI YA MWANAFUNZI. Ujanja wote ulikuwa kwenye barabara iliyo katikati, inayopitia Juja. Laptop iliyoachwa Thika izoeshwe, kesho yake ilikuwa Ruiru inakodiwa, inaandika insha za watu na kucheza filamu. Mwenye nayo alilipa ili izoeshwe, mwenye kuikodi alilipa ili aizoeshe. Ephantus alikuwa katikati, kama daraja, akizoea pesa.

"Jicho la mwenyewe," alipenda kujiambia, "halivuki Juja."

Na siku ya kurudisha, mwenye laptop alipoona vitufe vimeanza kung'aa kwa mafuta ya vidole, Ephantus alimwambia, "Gusa. Unasikia vile imelainika?" Naye aligusa, akasikia, akashukuru.

Waithira alikuwa amekaa benchi ya tatu siku ya tangazo lile, binti yake Mitchell amelala mapajani. Alikuwa mama kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye mtoto wa miaka minne na kazi ya kushona sare za shule huko Ruiru. Alitoka Thika alfajiri mtoto akiwa amelala, na kwa kuwa baada ya kazi alipitia darasa la kompyuta la jioni, alirudi mtoto akiwa amelala tena. Cucu wa Mitchell, nyanyake aliyeshinda naye, ndiye aliyejua mtoto anapenda nini wiki hii. Waithira alisimuliwa, kama mgeni.

Ndiyo sababu aliitaka ile kazi. Kampuni moja Nairobi ilitafuta watu wa kusikiliza sauti za Kiswahili na Kikuyu na kuziandika, mtu akiwa kwake nyumbani. Mahojiano yalikuwa Jumamosi ya wiki ya pili ya mwezi, saa kumi alasiri, kwa video. Walikuwa wameandika wazi: simu haikubaliwi, uwe na laptop yako. Zamu yake ya kupokea mchango wa chama ilipofika, akina mama wenzake walimpigia vigelegele, akaenda dukani, akatoka na laptop mpya kwenye sanduku, ambayo mwalimu wake alisisitiza iitwe kipakatalishi na ambayo yeye, kwa furaha, hakuweza kuiita chochote.

Ephantus, kwenye kibanda cha Thika, alimwona akiwa bado ng'ambo ya barabara.

"Hongera, mama. Ni msichana ama mvulana?"

"Ni laptop."

"Najua. Nauliza kwa jinsi unavyoibeba."

Waithira akacheka, na mtu anayecheka tayari amesimama.

"Engineer, nilikusikia kanisani. Lakini mimi naihitaji. Nina mahojiano wiki ijayo."

"Wiki ijayo!" Ephantus alishika kifua. "Uko na mtoto?"

"Mmoja."

"Alipokuwa na wiki moja, ulimtuma dukani?"

"Nimtume aje na hata shingo haijashika?"

"Na hii unataka kuituma mahojiano."

Waithira aliliangalia sanduku. Akaliona ghafla halina shingo. Lakini alikuwa mtu wa darasa la jioni, na watu wa darasa la jioni huuliza swali moja zaidi, kwa sababu wamelilipia.

"Dukani wameniambia nikiona shida nirudishe ndani ya siku saba, wanipe nyingine."

Mjanja mdogo angetoroka hapo. Ephantus alitabasamu kama mtu aliyeletewa kiti.

"Si unaona? Wenyewe wanajua! Kama mpya ingekuwa ya kuaminika, hizo siku saba ni za nini? Wanajua mpya inaweza kuzaliwa na ugonjwa. Sasa wewe niachie, huo ugonjwa unitokee mimi, si wewe. Jumamosi asubuhi unakuja kuichukua ikiwa mtu mzima."

Na tukiwa wakweli, nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli tupu. Ndiyo huwa hatari ya mjanja mzuri: anakupa ukweli wenye afya, halafu anaukalia yeye.

Waithira aliiwasha mara moja tu pale kibandani, akaweka picha ya Mitchell kwenye kioo ili isisahau ni ya nani, akaiacha.

Ephantus alikuwa amesahau jambo moja dogo. Thika hulala Thika, lakini nusu ya Thika hufanya kazi Ruiru.

Jumatano ya wiki ya mahojiano, darasa la jioni, Awiti alichelewa. Awiti alikuwa mama wa Kijaluo mwenye sauti kubwa, mfanyakazi wa kiwanda cha biskuti, na rafiki mkubwa wa Waithira kwa sababu walishiriki meza, kalamu na uchovu. Siku hiyo aliingia na laptop kwapani, akaiweka mezani kama aliyeleta samaki mkubwa.

"Nimekodi kwa yule Engineer wa stendi, nimalize kazi ya mwalimu. Lakini yawa, hebu ona hii mtoto nimekodishwa nayo. Kila nikiwasha ananicheka."

Akawasha. Kwenye kioo akatokea msichana mdogo mwenye masharubu ya uji.

Waithira aliinama mpaka karibu na kioo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Huyo ni Mitchell."

"Mitchell gani?"

"Mitchell! Mtoto wangu! Awiti, hiyo ni laptop yangu, inazoeshwa Thika!"

"Thika wapi? Imelala kwangu kwa kiti siku tatu!"

Mwalimu aligeuka kutoka ubaoni kuuliza ni nini, lakini kabla hajajibiwa kioo kikapigwa mistari ya kijani, uso wa Mitchell ukagawanyika vipande, kikazima.

"Usishtuke," Awiti alimwambia. "Ni tabia yake. Inashikwa na kifafa halafu inaamka ikitaka. Nilimpigia Engineer, akaniambia ni kuzoea."

Waithira alitoka kwenye veranda akapiga simu dukani. Msichana wa dukani, Becky, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Aki pole, dear. Siku saba ziliisha jana. Sasa itabidi iende warranty Nairobi. Itatengenezwa bure, lakini hiyo ni kungoja, hata mwezi. Mbona hukuitumia mapema?"

"Niliambiwa mpya haifai kutumiwa sana."

"Ni kinyume! Kitu kipya ndicho unakitumia mpaka kilie. Nyingi ziko sawa, utakaa nayo miaka. Ile yenye kasoro ya kutoka kiwandani huonekana mapema, mara nyingi siku za kwanza, na hapo ndio tunakupa nyingine. Ni nani alikudanganya?"

Waithira alikata simu. Akakaa kwenye ngazi, akalia kidogo, kilio cha mtu ambaye hana wakati wa kulia. Awiti akaja akakaa kando yake.

"Tukamchape?"

"Nikimchapa nitapata laptop? Mahojiano ni Jumamosi."

"Nitamkalia tu. Kidogo."

Waithira akacheka na machozi yake. "Wewe unamjua huyo mtu. Ana nini cha kwake?"

Awiti akafikiri. "Maneno." Akafikiri tena. "Ngoja. Leo asubuhi ako na yake mpya pale kibandani. Amenunua juzi, hata nailoni ya mgongo hajatoa. Nikamwambia nibadilishie na hiyo, akaruka! Ati hiyo si ya kukodisha, hiyo ni ya nyumba."

Waithira aliacha kulia.

Usiku huo, kabla ya kwenda kwake, alipitia kwa Mzee Ndegwa, akamwambia yote taratibu, bila kumvunjia heshima. Mzee alimsikiliza. Laptop yake mwenyewe ilikuwa imechukuliwa tena wiki hiyo kwa "kuzoeshwa mara ya pili". Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nilimtangaza kanisani," akasema.

"Ndiyo, Guka."

"Baada ya sadaka."

"Ndiyo, Guka."

"Basi hata kuwaita waliodanganywa nitatangaza mimi. Wenye laptop wote nawajua. Wewe niambie tu ni wapi na saa ngapi."

Siku ya Alhamisi Ephantus alipokea simu tamu.

"Engineer, ni mimi Awiti. Mambo ni mazuri! Tuna semina ya akina mama Jumamosi asubuhi, hapa Ruiru, ukumbi wa kanisa karibu na darasa letu. Tunataka laptop zako zote, na moja juu."

"Moja juu?"

"Wageni wameongezeka. Ama nitafute mtu Juja?"

Ephantus hakupenda kusikia Juja ikitajwa katika sentensi ya biashara yake. Aliitazama laptop yake mpya, iliyolala juu ya meza kwenye nailoni yake kama mwana wa mfalme.

"Usisumbuke na Juja. Ile ya kifafa unakuja nayo wewe, mimi naleta hizo zingine. Itapatikana."

"Na tunataka utufungulie semina, Engineer. Mada ni: Tutarajie nini kwa laptop mpya."

Kuna watu hukataa pesa, wachache. Wa kukataa kupewa kipaza sauti hajazaliwa Kiambu. Ephantus alinyoa ndevu.

Jumamosi alifika na begi la magurudumu na tai ya zambarau. Akapokewa kwa chai ya maziwa na maandazi yaliyofura vizuri, akasaidiwa kupanga meza, laptop moja kwa kila kiti, yake mpya mwisho wa safu ya mbele mahali angeweza kuiona. Awiti alileta ile ya kifafa, akaiweka kando ya hiyo mpya. Ukumbi ulikuwa bado mtupu.

"Wageni wako nje wanaomba kwanza," Awiti alisema. "Wewe anza tu, wataingia ukiendelea. Hata ni vizuri, wakute neno linawaka."

Ephantus alisafisha koo.

"Mabibi na mabwana! Laptop mpya ni nini? Watu wengi hufikiri mpya ni nzima. Nasema, hapana! Mpya ni mtoto!"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia Mzee Ndegwa, amevaa koti la Jumapili, akapiga hatua taratibu mpaka safu ya pili, akaketi mbele ya laptop yake mwenyewe. Akaipapasa mgongoni.

"Mtoto," aliendelea Ephantus, na neno lile lilimtoka likiwa limepungua hewa, "mtoto anahitaji... mlezi."

Akaingia mama mwenye duka la vitambaa, akaketi mbele ya laptop yake. Akaingia mwalimu wa chekechea wa Ngoingwa, akatafuta, akaiona yake kwa kibandiko cha kipepeo, akaketi. Wakaingia wengine, kimya, wenye adabu, kila mtu akienda moja kwa moja alipopaswa kukaa, kama watu wanaoingia meza ya Bwana. Hakuna aliyeuliza kiti.

"Endelea, Engineer," alisema Mzee Ndegwa. "Tunajifunza."

"Ehe. Mlezi... mlezi huyo..."

"Sauti," alisema mwenye duka la vitambaa. "Huku nyuma hatukusikii. Mlezi huyo huwapeleka watoto wapi?"

"Ruiru," akajibu mwalimu wa chekechea. "Kuwakodisha."

Waithira aliingia wa mwisho. Hakuvaa kama mtu wa vita. Alikuwa na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, ya mahojiano. Alipita viti vyote akaja mpaka mbele, akaitazama laptop yake iliyokuwa ikipiga mistari ya kijani, kisha akaitazama ya pembeni, yenye nailoni, akakaa mbele ya hiyo.

"Hiyo," akasema Ephantus haraka, "hiyo ni yangu."

"Najua, Engineer. Ni nzuri."

"Nilinunua na pesa yangu!"

"Hapo," akasema Awiti mlangoni, ambako alikuwa amesimama kama kufuli, "tusizame sana."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Waithira alingoja kicheko kiishe.

"Nilikupa laptop mpya. Dukani walinipa siku saba za kuona kama ina kasoro, na hizo siku ulizikalia wewe. Kasoro ilikuwa ndani, na ungeniacha niitumie ningeiona mapema, kesho yake wangenipa nyingine. Sasa warranty ni mwezi. Mahojiano yangu ni leo saa kumi. Wewe unaweza kungoja mwezi, mimi siwezi. Tubadilishane."

Ephantus alinyoosha tai yake. Kisha akafanya kitu ambacho hata wazee wa kanisa walikubaliana baadaye kwamba kilihitaji ujasiri.

"Mama Mitchell, mimi nakuonea huruma. Hii ni mpya kabisa. Haijazoeshwa. Unaweza kweli kuiamini siku kama ya leo?"

Ukumbi ulipasuka. Mwenye duka la vitambaa alilala juu ya meza. Hata Mzee Ndegwa, aliyekuwa ameapa njiani kwamba hatacheka, alitoa kitambaa akajifanya anapenga kamasi.

"Siiamini," Waithira alisema. "Ndio maana nitaitumia kuanzia sasa mpaka usiku, na kesho, na kesho kutwa. Ikiugua, itaugua siku zake za kurudishwa zikiwa bado zipo. Umeinunua lini?"

"Jumatatu," alisema Ephantus, kwa sababu mtu akichekwa sana husema kweli kwa bahati mbaya.

"Risiti?"

Ephantus alitazama mlango. Awiti alikuwa bado kufuli. Alimtazama Mzee Ndegwa, mwenye ploti yake na kodi ya miezi yake.

"Kijana wangu," mzee alisema kwa upole, "kuna kituo cha polisi hapo barabarani, na kuna mimi. Mimi ni wa karibu zaidi. Mpe mama risiti. Halafu kesho kanisani utasimama tena uonekane, na tangazo utalisoma wewe mwenyewe."

"Nitasema nini, Guka?"

"Utatafuta maneno. Hayajawahi kukupotea."

Risiti ilitoka mfuko wa ndani wa koti, ikiwa bado mpya, bila mkunjo. Ephantus alipokea laptop ya mistari ya kijani na risiti yake iliyopitwa na siku. Alipofika dukani, Becky alimwandikia fomu, akamwambia itapelekwa Nairobi na atapigiwa. "Lini?" "Utapigiwa." Alitoka akiwa ameshika karatasi, na inasemekana alisimama kando ya barabara kwa muda, akisikia ladha ya "utapigiwa", neno la aina aliyozoea kuwapa watu yeye, likitoka mdomoni mwa mtu mwingine.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale ukumbini hawakumfukuza. Awiti alimfungia maandazi mawili kwenye gazeti, akamwambia, "Chukua, Engineer. Kushindwa na njaa ni kushindwa mara mbili." Naye akachukua. Alikuwa mjanja, hakuwa mjinga.

Waithira alifika Ngoingwa zikiwa zimebaki saa mbili kabla ya mahojiano. Alibandua nailoni polepole, ikatoa ule mlio wake mtamu wa kuvuliwa, akaichomeka ukutani mpaka ikajaa kabisa. Akafungua kila kitu alichojua na viwili asivyovijua. Akaiwekea muziki, akaizima, akaiwasha, akaizima tena, cucu wa Mitchell akiuliza kama amegombana nayo.

"Naitafuta ubaya, mum. Nisipouona leo nitaendelea kesho."

"Na usipouona kabisa?"

"Basi itakuwa imeniamini."

Akaiweka juu ya meza, akaweka vitabu chini yake ili kamera imwone uso na si kidevu. Akaunganisha intaneti ya simu. Kioo kikasema angoje. Akakumbuka hajanywa maji tangu asubuhi, akasema atakunywa tu mara moja. Alisimama jikoni na kikombe mkononi, akitazama ukuta, akirudia kimoyomoyo jina lake, umri wake, na kwamba anajua kusikiliza. Maneno yote ya Kiswahili na ya Kikuyu yalikuwa yamemhama. Akaomba kidogo. Akarekebisha kola. Akafikiri kwamba labda hawatapiga, labda wamepata mwingine, labda mtu mwenye digrii.

Sebuleni, Mitchell alikuwa amepanda kiti, masharubu ya uji mdomoni, pua karibu iguse kioo.

"Mama, huyu mtu anakungoja."